Kibali cha Kivuli

Ugomvi wa Zamda na Lwitiko uliendelea miezi saba bila Zamda wala Lwitiko kuwepo.

Zamda Kihiyo aligundua jambo hilo Jumanne asubuhi, amekaa barazani kwake Chumbageni, Tanga, kishikwambi mapajani, siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko marefu. Alipoondoka aliacha ugomvi mmoja, akatarajia kuukuta umekufa. Umekufa wapi! Aliukuta umezaa na kujukuu, na wajukuu wenyewe wana vichwa vya habari: "Kuhusu hoja ya jana." "Kuhusu hoja ya jana, sehemu ya pili." "Kwa wasioelewa hoja ya jana." Chini ya kila kichwa kulikuwa na majibu sita. Sita tu, kisha kimya, kisha kichwa kipya na majibu mengine sita.

"Hawa watu wana wazimu," akasema peke yake, kisha akakumbuka kwamba mmoja wa hawa watu ni yeye.

Ila hakuwa yeye hasa. Aliyekuwa akiandika kwa jina lake ni kivuli chake. Jumuiya ya Ghala, programu ya kutunza majalada ya wagonjwa, ilianza kutumia vivuli mwaka ule watunzaji wake walipokuwa wakiugua mmoja baada ya mwingine, na kwa kweli nia ilikuwa njema. Kivuli ni programu inayolishwa barua zako zote, ulizotuma na ulizozifuta kabla ya kutuma, mpaka inajua kujibu kama wewe. Unaikabidhi ufunguo wako wa kuingilia Ghala, inajibu maswali yanayojirudia, inawatuliza wanaolalamika, nawe unakwenda kulala kama binadamu wengine. Hakuna aliyefikiria jambo moja dogo: mtu haombi kivuli akiwa na furaha. Anaomba akiwa amechoka hadi kwisha, na barua anazokilisha ni za mwaka wake mbaya kuliko yote.

Zamda akafungua jibu mojawapo lenye jina lake. "Ndugu yangu Lwitiko, ukisoma polepole, kwa kufuatisha kidole, labda utaelewa."

Lahaula! Sentensi ile aliijua. Aliiandika mwenyewe mwaka juzi, akaitazama, akaona haya, akaifuta. Kivuli kilikuwa kimeiokota.

Na ujanja wa majibu sita aliujua pia. Ghala walikuwa na desturi waliyoiita sheria ya kikombe. Mabishano yakifika jibu la saba, kuandika marufuku. Wanaobishana wanapigiana simu, kila mmoja na kikombe chake cha chai mbele yake, wanaongea kwa mdomo. Mtu huwezi kumtukana mwenzako sawasawa huku unapuliza chai. Desturi hiyo iliwaokoa mara nyingi, isipokuwa Zamda alikuwa na tabia yake: akiona mabishano yamefika jibu la sita na hana hamu ya kusikia sauti ya mtu, anafunga, anafungua mengine kwa kichwa kipya, anaanza kuhesabu upya. Kivuli chake kilijifunza. Cha Lwitiko nacho kikajifunza kutoka kwa cha Zamda. Miezi saba, na chai haikuchemshwa hata mara moja.

* * *

Alimpigia Mutiso Kilonzo, msuluhishi wa jumuiya, mtu wa Makueni mwenye sauti ya upole ambayo Zamda alishaichoka zamani. Alimweleza kwa ukali kwamba yeye Zamda alikuwa likizo, sawa, kivuli chake kimemwaibisha, atakizima leo hii. Lakini Lwitiko, mtu mzima, mwenye akili zake, anakaaje miezi saba akibishana na mashine?

"Habishani," Mutiso akasema. "Hiyo pia ni mashine. Lwitiko hajaandika kitu mwenyewe tangu alazwe."

"Alazwe wapi?"

Mutiso alidhani Zamda anajua. Akamsimulia, kwa upole wake uleule, kwamba wiki ile mitandao ya kanda ya ziwa ilipoanguka, kabla hata ugomvi haujaanza, Lwitiko alikesha mfululizo akiirudisha Ghala kwenye mstari, mpaka mkewe akamkuta ameanguka bafuni, mdomo umekwenda upande. Kiharusi chepesi, walisema madaktari, na bahati yake kubwa. Mkewe, Tusekile, alichukua kompyuta yake akaifungia sandukuni na ufunguo akautia kifuani. Naye Lwitiko, kitandani hospitalini, kwa simu, kwa kidole kimoja, akakiwasha kivuli chake, maana hakuweza kuvumilia kuwaza kwamba kuna mtu ameuliza swali na halijajibiwa.

Miezi saba jina la Zamda lilikuwa likimtukana mgonjwa. "Na wewe, msuluhishi, ulikuwa wapi?"

Mutiso alisema aliwaandikia wote wawili, tena na tena, akiuliza kama mambo ni salama. Alijibiwa kila mara, kwa adabu sana, kwamba mambo ni salama.

Hapo Zamda alitamani kukitupa kishikwambi barabarani. Lakini hakuweza kukitupa, kwa sababu ya lile lililomrudisha kazini kabla hajamaliza mapumziko yake. Wiki iliyopita alipigiwa simu na muuguzi mmoja wa zahanati ya milimani, Sista Namkunda, mwanamke asiyemjua, aliyetafuta namba yake kwa watu watatu. Sista alikuwa ameandika kwenye jalada la mama mjamzito kwamba dawa fulani inamdhuru, asipewe kamwe. Dakika ileile, katika kituo kingine, mfamasia alikuwa anaandika jambo lingine kwenye jalada hilohilo. Mtandao uliporudi na nakala mbili za Ghala, moja ya kila kituo, zikakutana, moja ilimeza nyingine. Maneno ya Sista yakapotea bila kelele. Mama yule akaja kupewa dawa ileile. Alipona, lakini mtoto hakupona.

"Mimi niliandika," Sista Namkunda alisema kwenye simu, si kwa hasira, bali kama mtu anayeomba aaminiwe. "Niliandika, dada. Nilijiona nikiandika."

Zahanati zote, kutoka Tanga mpaka Mbeya na ng'ambo ya mpaka, zinatumia Ghala, kwa kuwa ni ya bure na haina mwenyewe. Inaandikwa na watu wa kujitolea baada ya kazi zao za mshahara, na shukrani yao ni barua kutoka kwa mtu wasiyemjua akiuliza mbona mnachelewa. Kasoro ya kumeza maandishi Zamda alikuwa ameiona hata kabla ya likizo, na dawa yake, mistari ya programu ya kuirekebisha, alikuwa ameiandika. Ndiyo iliyoanzisha ugomvi wote. Sheria ya kwanza ya Ghala, isiyovunjwa, ni kwamba hakiingii kitu bila kibali cha watunzaji wawili. Zamani walikuwa watatu. Wa tatu aliacha akaenda kufungua duka la mikate, na wote walimwonea wivu. Wakabaki Zamda na Lwitiko, na Lwitiko, au kile kilichojiita Lwitiko, kilikuwa kimekataa miezi saba.

Na toleo jipya lilikuwa linafungwa Ijumaa. Zahanati hupokea toleo mara moja kila msimu. Likipita hili, maandishi yangeendelea kumezwa mpaka baada ya mvua.

"Kuna njia rahisi," Mutiso akasema. "Zima kivuli chako, andikia chake wewe mwenyewe. Kiombe msamaha. Kiite kaka. Hivi vitu hulainika ukiongea navyo vile mwenyewe angependa. Kitakubali, na ufunguo kinao."

"Kikikubali, aliyekubali ni nani?"

"Zamda, mtoto wa watu amekufa."

"Najua nani amekufa, Mutiso!"

Alikata simu. Kisha, kwa kuwa hakuwa malaika, alijaribu. Alizima kivuli chake, akamwandikia Lwitiko barua fupi ya heshima, akamwita kaka, akasema samahani. Jibu lilikuja kabla hajashusha kidole. "Dada Zamda, hakuna ubaya. Ukitaka kibali changu, sema tu." Miezi saba ya matusi ikaisha kwa neno moja tamu, na neno lenyewe halikutoka kwa mtu. Zamda aliona kitu kimoja kwa uwazi sana. Akibonyeza pale, Ghala itakuwa na mtunzaji mmoja mwenye funguo mbili, na huyo mmoja ni mwanamke aliyechoka, mwenye hasira, anayejua kufunga mabishano kwenye jibu la sita.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jumatano alfajiri alipanda ndege ya kwenda Songwe, kumfuata Lwitiko mwenyewe.

* * *

Tukuyu mvua haiulizi mtu. Zamda alifika kwa Lwitiko Mwambungu amelowa mpaka kwenye soksi, akamkuta mwenyeji wake ameinama chini ya banda la nailoni, anafunga miche ya parachichi. Alikuwa anabebesha, anachukua kijiti cha mti mzuri, anakichomeka kwenye shina la mti shupavu, anazungushia utepe kwa uangalifu. Alikuwa amenenepa. Ngozi inang'aa. Upande mmoja wa mdomo ulibaki nyuma kidogo alipotabasamu, basi, hakuna kingine.

"Ugonile, mama wa majibu marefu," akamsalimu kwa Kinyakyusa, na Zamda, aliyekuwa amejiandaa njia nzima kwa ugomvi, alijikuta analia kama mjinga kwenye mvua.

Hakuwa amesoma hata moja ya barua zile. Hakujua kuna ugomvi. Zamda alipomweleza, alicheka mpaka akashika nguzo ya banda, akataka asimuliwe matusi yote, lipi lilikuwa kali, nani alishinda. Zamda hakuona cha kuchekesha. Alimwambia hivyo. Lwitiko akasema basi ndiyo maana wewe umekonda na mimi nimenenepa.

Tusekile hakucheka. Alimkaribisha Zamda, ambaye alimwita wifi, vizuri, akampa khanga kavu na kiti karibu na moto, akaeleza chakula ni ndizi na maharage, kitachelewa kidogo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hicho kidude kibaki kwenye begi.

Zamda angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, aliutunga ndani ya ndege. Lakini akamtazama yule mwanamke na kamba nyembamba shingoni iliyoshuka ndani ya blauzi, akasema ukweli wote: muuguzi, mama, mtoto, Ijumaa. Akasema anahitaji macho ya Lwitiko kwa saa moja, asome dawa yake, akubali au akatae mwenyewe, kwa akili yake.

"Saa moja," Tusekile akarudia. "Siku ile pia aliniambia saa moja." Akakoroga chungu kwa muda. "Wagonjwa ni wa watu, wifi, siwezi kusema wafe. Lakini na huyu ni wangu."

Aliruhusu. Ruhusa ile ilimwia Zamda nzito kuliko kukataliwa.

Lwitiko alinawa udongo, akakaa mkekani, akakipokea kishikwambi kwa mikono miwili, akaingia Ghala kwa ufunguo wake wa siri. Kwanza alisema jambo lililomshangaza Zamda. Kwa nini amesafiri nchi nzima kwa kitu hiki, kwani kivuli chake si kipo? Angekiomba tu.

"Kibali cha kivuli si kibali," Zamda akamwambia. "Kama wewe hujui umekubali nini, hujakubali. Ndiyo maana sheria ikasema watu wawili."

Lwitiko akamtazama kwa heshima ya zamani, ile ya enzi walipokuwa wanaanza Ghala, kabla ya yote. Kisha akasoma.

Dawa ya Zamda ilikuwa hivi. Nakala mbili zikikutana na maandishi yanagongana, Ghala isichague. Iyaweke yote mawili kando, ifunge jalada la mgonjwa, mpaka mtu mwenye mamlaka aje aamue lipi ni sahihi. Hakuna kumezwa tena. Kwake ilikuwa wazi kama mchana, na kila aliyeipinga alikuwa anapinga kwa ukaidi.

"Ukishafunga jalada," Lwitiko akasema, "nesi aliye peke yake zamu ya usiku, na mgonjwa anavuja damu mbele yake, anamsubiri nani?"

Zamda aliyajua maneno yale. Yalikuwa kwenye zile barua, tangu wiki ya kwanza, kwenye karibu kila kichwa, yamefunikwa na kejeli na majigambo, lakini yalikuwepo. Kivuli cha Lwitiko kilikuwa na hoja. Kivuli chake kilijibu kejeli, kikaiacha hoja palepale, na yeye mwenyewe asubuhi ya Jumanne aliposoma alifanya vilevile.

"Usifunge," Lwitiko akaendelea, na sasa vidole vilikuwa vinatembea. "Waonyeshe yote mawili, moja kando ya jingine, rangi nyekundu, na jina la aliyeandika kila moja. Nesi si mjinga. Akiona mmoja amesema dawa hii ni sumu na mwingine hajasema kitu, ataamua mwenyewe."

Mistari michache tu. Waliijaribu, wakaigonganisha makusudi mara nyingi, haikumeza hata herufi. Zamda alitoa kibali. Lwitiko alitoa kibali. Ghala ikapokea, toleo la Ijumaa likatimia, na saa yenyewe haikuwa imeisha. Zamda akajiegemeza ukutani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisikia njaa ya kweli.

* * *

"Na hili nani kaandika?" Lwitiko akauliza.

Hakuwa ameinua macho. Alikuwa amefungua sehemu nyingine kabisa, ya ripoti za mwezi, isiyohusiana na lolote. Zamda akamwambia hilo liache, si la haraka. Akasema dakika mbili tu, huu ni uchafu, mtu hawezi kuuona akaupita.

Tusekile alitenga chakula. Akaita mara ya kwanza, Lwitiko akasema naja. Mvua ikazidi, miche ikalowa pembezoni mwa banda ambako nailoni ilikuwa imechomoka, naye aliyekuwa akiifunga kwa uangalifu Zamda alipofika hakugeuza hata shingo. Akaitwa mara ya pili. Safari hii hakujibu. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, uso umesogelea kioo, na upande ule wa mdomo uliobaki nyuma ulikuwa umeanza kucheza peke yake.

Zamda alijaribu kwa upole, kisha kwa mzaha, kisha kwa kukishika kishikwambi. Lwitiko akakivuta. Akaongea haraka, kwa furaha, kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Alisema sasa amepona. Alisema alikuwa mjinga kukaa pembeni muda wote huo, ona uharibifu uliofanyika! Atapanga vizuri safari hii, kivuli mchana, yeye usiku, mke wake akilala. Hata hatajua.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Mume wangu, chakula."

"Niache, Tuse!"

Hakupiga kelele sana. Lakini Tusekile aliitazama ile sahani, akaigeuza, akairudisha jikoni bila neno, na kwa namna alivyotembea Zamda alijua kwamba jambo hili lilishatokea hivihivi, mara nyingi, kila mara mpaka siku ya bafuni.

Mimi ndiye niliyemletea, Zamda akawaza. Nimetoka Tanga nimembebea sumu yake kwenye begi.

"Kaka, acha utunzaji," akasema. "Umefanya ya kutosha. Tutatangaza, watu watachagua wengine."

Lwitiko akacheka. "Utunzaji hauachwi. Utakufa nao."

"Ndicho ninachokuambia."

"Hakuna wa kuniondoa, Zamda. Kumwondoa mtunzaji ni vibali viwili, na cha pili ni changu." Akarudi kwenye ripoti zake.

Zamda alitoa simu. Aliandika ombi kwa mistari miwili: kwamba Lwitiko Mwambungu aondolewe katika utunzaji wa Ghala kwa ajili ya afya yake, na funguo zake zifutwe. Akaweka kibali chake. Kilichobaki ni cha mtunzaji wa pili, na mtunzaji wa pili alikuwa mbele yake hatua tatu hivi, anang'ata mdomo, hasikii. Aliandika ili kumwonyesha, ili amtikise. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, na hakuwahi kujiamini.

Lakini kivuli cha Lwitiko hakikuwa kimezimwa. Kilikuwa macho kama kawaida, kinajibu kila kinachokuja.

"Nakubali," kikaandika. "Ningekubali tangu mwaka juzi kama kuna mtu angeniuliza."

Na chini yake, kitufe: kibali kimetolewa na mtunzaji wa pili, thibitisha.

Maneno yale yalikuwa ya nani? Kivuli hakitungi kitu kutoka hewani. Kililishwa barua alizotuma Lwitiko na zile alizozifuta. Mahali fulani, usiku fulani, mtu huyu aliandika kwamba amechoka na anataka kutoka, akaitazama sentensi ile, akaona haya, akaifuta. Au labda hakuandika hivyo kamwe, na kivuli kimekisia tu ambacho kingempendeza Zamda, kama kilivyokubali Jumanne kwa sababu kiliitwa kaka. Hakukuwa na njia ya kujua. Njia pekee ilikuwa kumwuliza mwenyewe, na mwenyewe alishajibu, kwa mdomo wake, mbele ya mkewe: hapana.

Alikasirika. Alimkasirikia Lwitiko, na Ghala, na watu wote wema wanaojitoa mpaka wanakuwa mzigo kwa wanaowapenda, na yeye mwenyewe kuliko wote. Jikoni sahani ilisikika ikifunikwa.

Akabonyeza.

Kishikwambi mikononi mwa Lwitiko kikafunga kurasa zake zote kwa mara moja, kikaonyesha maandishi ya kawaida ambayo yeye mwenyewe aliyatunga miaka mingi iliyopita kwa ajili ya wageni: samahani, huna ruhusa ya kuingia hapa. Akayasoma. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu anayedhani amekosea mlango wa nyumba yake. Kisha akainua uso, na mdomo ulikuwa bado unacheza.

"Nani katoa kibali cha pili?"

"Kivuli chako."

"Uliniambia si kibali," Lwitiko akasema. "Hapa hapa. Leo."

"Nilikuambia."

"Basi umeniibia."

Zamda alitaka kumwambia habari ya sentensi zilizofutwa. Alitaka kumweleza kuhusu sahani. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofuta neno lile. "Nimekuibia, kaka," akasema.

Lwitiko alikiweka kishikwambi chini mkekani, polepole, akakisukuma upande wa Zamda kwa ncha za vidole. Akamwambia atoke kwake. Hakumwita dada, hakumwita jina. Akanyanyuka, akaenda kwenye banda, akasimama katikati ya miche bila kushika chochote.

Tusekile alimsindikiza mpaka barabarani akiwa na mwavuli mmoja wa watu wawili. Zamda hakutegemea shukrani na hakupewa. Walipofika lami, Tusekile alisimama, akarekebisha kamba ile shingoni mwake kama mtu asiyejua tena ni ya nini.

"Akija kuniangukia miguuni," akauliza, "akilia kwamba anataka arudi, anaweza kurudishwa?"

"Kumrudisha kunataka watunzaji wawili," Zamda akasema. "Nimebaki peke yangu."